Mfuko wa nne na mfuko wa tano: harufu ya karafuu inamsaidia samaki aliyekosa hewa?

MamaKulwa

Habari za jioni wapendwa. Naomba mnisome mpaka mwisho ndipo mcheke.

Mimi ni muuza vifaranga vya sato. Nachukua kwa watotoleshaji hapa Mwanza, nawapelekea wenye mabwawa Shinyanga, Nzega, mpaka Singida. Mwaka wa sita huu. Kila mfuko natumia nailoni mbili, moja ndani ya nyingine. Natia maji lita 10 na vifaranga 400, najaza oksijeni ya mtungi, nafunga shingo kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Vifaranga wenyewe hawazidi ukucha wa kidole gumba.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa na mifuko mitano ya Singida. Mtungi ukanikatikia nikiwa nimemaliza wa tatu. Ule wa nne na wa tano ilipata gesi nusu tu, nailoni imelegea kama shavu la bibi. Saa tisa usiku, dereva wa Noah anapiga honi, mteja alishatuma nusu ya pesa. Ningempata wapi wa kunijazia mtungi saa hizo?

Nikakumbuka kichupa cha mafuta ya karafuu nilichomnunulia Doto alipoumwa jino. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba harufu za mimea kama karafuu, mchaichai na mrehani zina antioksidanti, na kwamba wanyama walionyimwa oksijeni wakinusishwa, mwili hauharibiki sana. Na bibi yangu wa Sengerema mtu akizimia alikuwa anaponda karafuu, anampitishia puani, mtu anaamka. Nikasema basi, tujaribu.

Mfuko wa nne nikamimina kifuniko kimoja, mafuta matupu, moja kwa moja. Nageukia wa tano, kichupa kitupu. Nikatia humo maji kidogo ya vuguvugu kutoka chupa ya chai, nikasukasuka mpaka yakawa meupe kama maji yaliyooshea mchele, nikayamimina. Safari.

Kabla hatujafika Usagara nikamulika kwa tochi ya simu. Mfuko wa nne wote matumbo juu. Sikuamini, nikautikisa. Hakuna. Mia nne, wote.

Kufika Singida nikahesabu maiti: mfuko wa kwanza 11, wa pili 8, wa tatu 14. Wa tano, ule wa gesi nusu, 9 tu! Na wale hawakuwa wanahangaika juu kama wenzao, walikuwa wametulia chini wanapumua taratibu.

Sasa swali langu. Ni harufu ndiyo iliyowalinda wa mfuko wa tano? Na kama harufu ni kinga, mbona wa mfuko wa nne waliopata nyingi zaidi ndio waliokufa?

Ngosha_wa_Kweli

Mama Kulwa pole kwa hasara, lakini mfuko wa nne ulikuwa tayari umetiwa viungo, ulibaki ndimu na kikaango tu 😂

Haya nimenyamaza. Wataalamu waje.

FundiMaabara

Mama Kulwa, pole. Nilisoma chuo cha uvuvi Nyegezi, kisha nikafanya kazi ya maabara miaka kadhaa, na maswali ya namna hii ndiyo yaliyonifanya niipende kazi. Wewe bila kujua umefanya jaribio zuri kuliko mengi niliyoyaona, kasoro yake ni kwamba mfuko mmoja mmoja hautoshi kuthibitisha kitu. Nitalirudia hilo.

Kwanza neno "harufu" tulitue chini. Harufu ni chembe za mafuta zinazoruka hewani. Panya wa maabara akifungiwa kwenye kasha lenye hewa haba huku wanapuliza mvuke wa mmea, hizo chembe zinaingia puani, ndiyo, lakini pia zinaingia mapafuni na kwenye damu. Samaki wako hana hewa ya kunusa. Kwake mafuta yameyeyuka majini, yanapita kwenye matamvua anayopumulia moja kwa moja mpaka kwenye damu. Kwa hiyo ulichowapa ni dawa, na dawa ina kipimo. Karafuu ya bibi wa Sengerema ilikuwa inamshtua mtu pua, hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Pili, hizi antioksidanti. Karafuu inazo kweli. Sehemu kubwa ya mafuta yake ni kitu kinaitwa yujenoli, mara nyingi asilimia 70 hadi 90. Kuna kipimo cha maabara ambacho unatia unga fulani kwenye pombe, unapata rangi ya zambarau iliyokolea. Ukidondosha yujenoli, zambarau inafifia mbele ya macho yako, inageuka manjano. Maana yake ni kwamba yujenoli imezizima zile radikali huru, chembe kali zinazoharibu mwili, na kuzizima ndiyo kazi ya antioksidanti. (Kuna tovuti zinatafsiri radikali huru kuwa "itikadi kali huru", utadhani samaki wako wanatafutwa na polisi.) Watu wakiona ile manjano wanaruka na kuandika "karafuu inalinda mwili". Lakini kile ni kichupa cha kioo. Samaki ana ini, ana damu, ana figo zinazoitoa dawa. Na yujenoli ikizidi kwenye ini inakula ile akiba ya glutathioni ambayo mwili wenyewe unaitegemea kujilinda. Kitu kilekile kinageuka upande.

Utaniuliza, oksijeni ikiwa haba, huo uharibifu wa oksijeni unatoka wapi? Hata mimi ulinichanganya mwanzoni. Chukua jiko la mkaa. Likizibwa na majivu moto unadumaa, hakuna ajabu. Ufungue kimlango ghafla na upepee kwa nguvu, ndipo cheche zinapokurukia kwenye kanga. Samaki akikosa hewa, seli zake zinavunja akiba ya nguvu, na mabaki yake, haipozanthini ni mojawapo, yanarundikana. Hewa ikirudi kwa kishindo, kuna kimeng'enya kinayashughulikia yale mabaki na njiani kinamwaga radikali na haidrojeni peroksaidi. Yaani madhara mengi yanakuja pale unapofungua mfuko Singida na kuwamwaga kwenye maji mazuri. Ndiyo maana watafiti wanampima samaki mara mbili, akiwa kwenye dhiki na baada ya kurudishiwa hewa. Wanaangalia mafuta ya seli yameharibika kiasi gani, na vimeng'enya vya ulinzi, kama katalesi, vimepanda au vimeshuka. Samaki wengine, goldfish kwa mfano, wanaanza kuongeza ulinzi huo wakiwa bado kwenye dhiki, kana kwamba wanajua hewa itarudi.

Sasa mifuko yako. Kifuniko cha kichupa kile kinabeba kama mililita 3. Kwenye lita 10 hiyo ni takribani miligramu 300 kwa lita. Kumlaza samaki kabisa ili umpime au umchome sindano, watu wanatumia 40 mpaka 100. Umewapa mara tatu ya usingizi wa upasuaji. Doto alipowekewa karafuu jino lilikufa ganzi, si ndiyo? Ganzi hiyohiyo imefika kwenye ubongo unaoamuru matamvua yapige. Matamvua yakisimama, hata ungejaza oksijeni mpaka nailoni ipasuke, samaki anakufa kwa kukosa hewa katikati ya hewa.

Mfuko wa tano ulipata mabaki ya kichupa, labda mililita 0.1 au 0.2. Hiyo ni miligramu 10 hadi 20 kwa lita, kipimo cha kumtuliza tu. Samaki aliyetulia hahangaiki, anatumia oksijeni kidogo, anatoa kaboni dioksidi kidogo na amonia kidogo. Nadhani hiyo ndiyo iliyowaokoa kwa sehemu kubwa. Antioksidanti huenda ilikuwa na mkono wake, ila mkono mdogo.

MamaKulwa

Fundi Mungu akubariki. Mfano wa jiko nimeuelewa kuliko semina zote nilizokaa.

Nimekwenda kupima kile kifuniko kwa bomba la sindano la duka la dawa. Mililita tatu na nusu! Nimekaa chini. Niliwaua mwenyewe.

Nina swali jingine. Leo nimenunua kichupa kipya, duka lingine, bei nusu ya kile cha kwanza. Nimedondosha tone kwenye glasi ya maji, limeelea juu kama mafuta ya alizeti. Kile cha kwanza nakumbuka yale mafuta niliyomimina yalishuka, yakajikunja kwenye kona ya mfuko chini, na vifaranga walikuwa wamejibana humohumo konani. Ipi ni ya kweli?

Mchambuzi_wa_Wawi

Assalaam alaykum. Hapo kwenye kuelea na kuzama niachieni mie, nimezaliwa Pemba, karafuu nimezichambua tangu sijajua kusoma.

Mama Kulwa, kilichoelea si mafuta ya karafuu matupu, huenda kimechanganywa na mafuta ya kupikia. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, wallahi yanazama. Mimea mingine mingi ukiikamua kwa mvuke mafuta yanakaa juu ya maji, unayaengua. Yetu unayatoa chini. Ukiiona sufuria ya kupokelea, maji yako juu meupe meupe, mafuta yamelala chini rangi ya chai nyepesi.

Na usidhani mafuta yanatoka kwenye karafuu yenyewe ile unayotia kwenye pilau. Karafuu inauzwa kavu, ina bei. Mafuta mengi yanatoka kwenye makonyo, vile vikonyo vinavyobaki tukishachambua. Jioni zikishuka kutoka shamba mnakaa barazani, watoto, wamama, kila mtu na rundo lake, unashika shada kwenye kiganja, unalisokota, karafuu huku, konyo huku. Vidole vinanuka wiki. Makonyo yanakaushwa yanapelekwa kiwandani, hapa kwetu Wawi, Chake Chake. Makonyo yana yujenoli nyingi vilevile.

Na majani pia hukamuliwa. Basi usiulize tu "mafuta ya karafuu", uliza ya makonyo, ya majani au ya karafuu zenyewe, halafu yadondoshe majini mbele ya muuzaji. Akikasirika umeshapata jibu.

Samaki sijui, sisi huku twawavua tu.

NyarDunga

Niko Kisumu, nafuga ngege, ndio sato wenu, kwa vizimba ziwani. Mama Kulwa pole sana, hiyo hasara naijua.

Mnisamehe lakini nitasema hivi: msije mkafanya karafuu kuwa badala ya oksijeni. Mwaka wa 2022 hapa kwetu samaki walikufa vizimbani kwa wingi, maji ya chini yasiyo na hewa yalipanda juu. Ungeamka alfajiri ukute kizimba kizima kimegeuka cheupe, ni matumbo. Siku zile watu walikuwa wanajaribu kila kitu, na mtu mmoja alikuja kutuuzia "dawa ya kupumua" ya majani, inanukia vizuri sana. Hakuna mmea unaweza kutoa oksijeni kwa chupa. Ukiwatuliza ndani ya kizimba ambacho hewa imeisha, umewaondolea hata nguvu ya kupanda juu kuvuta ule utando wa maji wa mwisho wenye hewa. Labda kamongo, huyo ana mapafu yake, hana haja na sisi.

Mfuko ni kitu kingine, unajua maji ni lita ngapi, unajua ni saa ngapi. Hapo nakubaliana na Fundi.

La pili, wale wa kuuza samaki mkubwa hai sokoni wasijaribu. Samaki akilala na karafuu leo, ataliwa leo? Marekani hawakubali mafuta ya karafuu kwa samaki wa kuliwa. New Zealand wana dawa ya jamaa wa karibu wa yujenoli, inaitwa AQUI-S, wanairuhusu hata siku ya kuvuna, lakini hiyo imetengenezwa na kupimwa kwa kazi hiyo, si kichupa cha jino. Kifaranga atakaa bwawani miezi, huyo sina wasiwasi naye.

FundiMaabara

NyarDunga umenena. Hiyo ya kumnyima samaki nguvu ya kupanda juu ningeisahau.

Mchambuzi, asante, umenipa kitu. Mama Kulwa, umeona sasa kwa nini mfuko wa nne walikufa haraka hata kuliko hesabu yangu? Mafuta hayakusambaa. Yalizama konani kama alivyosema, na samaki aliyeogopa anajibana konani. Wale wa kwanza walipata mafuta karibu matupu kwenye matamvua. Ule wa tano uliusukasuka na maji ya vuguvugu, mafuta yakakatika vipande vidogo vidogo, ndiyo ule weupe wa maji ya mchele. Maabara tunayeyusha sehemu 1 ya mafuta kwa sehemu 9 za spiriti safi (ethanoli), kisha tunapima kutoka humo kwa bomba la sindano. Ya kwako ya chupa ya chai inafaa pia, mradi upime kwanza na usuke hasa. Kwa lita 10 anza na mililita 0.1 ya mafuta matupu, usipite hapo. Na usihesabu matone, kila kichupa kina tone lake.

Ulitaja harufu za mimea mingine. Kusini mwa Brazil, pale Santa Maria, kuna watafiti wamehangaika miaka na mmea unaitwa *Lippia alba*, wenyewe wanaunywa kama chai, na kambare wao anayeitwa jundiá. Wametia mafuta yake kwenye maji ya kusafirishia, wameyatia hata kwenye chakula, wakapima huo uharibifu niliousema. Inayotawala humo si yujenoli, mara nyingi ni linalooli, ileile iliyomo kwenye baadhi ya mirehani. Kwa hiyo ulichosoma kwenye simu hakikutoka hewani. Ila kila mmea una dawa yake, na kila samaki ana kipimo chake. Cha kambare usimpe sato.

Lile nililoahidi: usiseme mfuko wa tano umethibitisha kitu. 9 na 11 na 8 ni bahati tu inaweza kuleta. Ukiwa na safari ya kawaida, mtungi umejaa, weka mifuko mitatu na dawa, mitatu bila. Vifaranga wa bwawa moja, siku moja, wasile tangu jana yake. Uhesabu siku hiyo, na uhesabu tena baada ya siku tatu, maana ile cheche ya jiko haiui palepale.

Ngosha_wa_Kweli

Mnaongea vitu vikubwa mpaka nimeona aibu na ndimu yangu.

MamaKulwa

Narudi na majibu, samahani nilichelewa, mtandao wa huku na wateja.

Nilifanya kama Fundi alivyoniagiza. Mifuko sita, Nzega safari hii, gesi imejaa yote. Mafuta nilitafuta ya makonyo, nikayadondosha kwenye glasi mbele ya muuzaji kama alivyosema kaka wa Pemba. Yakazama. Muuzaji naye alishangaa, alikuwa hajui.

Mililita 0.1 kila mfuko, kwa bomba, nikasuka kwenye chupa ya soda na maji ya vuguvugu. Mifuko nikaifunga kitambaa chekundu ya dawa, cheupe isiyo na dawa.

Waliokufa njiani, vyekundu: 5, 7, 6. Vyeupe: 9, 6, 10. Baada ya siku tatu mteja akanipigia, vyekundu wameongezeka 4 jumla, vyeupe 13. Fundi utaniambia kama hiyo ni bahati au si bahati, mimi najua 13 kwa 4 ni pesa.

Lakini nusura nigombane na mteja. Tulielea mifuko bwawani robo saa maji yalingane joto, nikafungua chekundu cha kwanza. Akatumbukiza mkono. Vifaranga hawakukimbia. Wanazubaa tu, wanapita katikati ya vidole vyake taratibu kama wazee wanaotoka msikitini. Akanitazama. "Mama, mbona hawa hawakimbii mkono? Umeniletea wagonjwa?" Nikamweleza ni karafuu. Akanusa maji, ndiyo akazidi kukasirika, akasema yeye hajaagiza samaki wa pilau.

Basi tukakaa wote wawili kwenye ukingo wa bwawa, yeye na pesa yake mfukoni, mimi na risiti yangu mkononi, hatuongei. Kama dakika ishirini hivi. Akarusha pumba. Hawakuja. Akarusha tena, wakaja wawili watatu, halafu maji yakachemka kwa vifaranga.

Akalipa. Na mimi kurudi Mwanza nimenunua mtungi wa pili.